Tasnifu ya Kilian Kuhusu Uyoga

NORBERT: Haloo? Nani mwenzangu?

WINIFRIDA: Kaka Norbert, ni Winifrida wa zahanati, huku Litumbandyosi. Shikamoo.

NORBERT: Marahaba, mdogo wangu! Umebadili namba? Mama hajam—

WINIFRIDA: Kaka, niko juu ya kichuguu nje ya zahanati, mtandao unashika hapa tu. Bado uko maktaba ya chuo?

NORBERT: Niko kazini hivi sasa. Mbona unahema?

WINIFRIDA: Nina mtoto amekula uyoga. Unamkumbuka Kilian, mwanafunzi wenu aliyefikia parokiani kwetu? Yule akina mama walikuwa wakimpeleka porini kumwonyesha uyoga?

NORBERT: Nam— [mkwaruzo] —kumbuka. Tasnifu yake tunayo. Iko kwenye tovuti ya tafiti za chuo, wazi kwa dunia nzima.

WINIFRIDA: Wazi kwa nani, kaka? Natafuta tangu asubuhi! Nimeandika uyoga, nimeandika Mbinga, wilaya yetu, nimeandika jina lake. Naletewa mapishi na uyoga wa Ulaya.

NORBERT: Si umpigie mwenye—

WINIFRIDA: Yuko nje masomoni, hapatikani.

NORBERT: Ngoja, kompyuta iko wazi. Kilian... [anachapa] Ajabu. Hata kwangu haitoki.

WINIFRIDA: Kaka!

NORBERT: Tulia. Walioipakia walipiga picha kurasa, basi mashine inaona picha, haisomi neno. Itabidi nipitie idara moja moja. Mtoto ana hali gani?

WINIFRIDA: Nzuri. Ndiyo inayonitisha. Juzi alitapika na kuharisha usiku kucha, leo kanywa uji. Baba yake, Joakim, ameleta pikipiki amrudishe nyumbani. Ananiambia, daktari, umeona mwenyewe kapona.

NORBERT: Si huenda kweli kapona?

WINIFRIDA: Mdogo wake walikula wote, naye alikunywa uji. Jana.

NORBERT: Na leo?

WINIFRIDA: Tafuta, kaka.

NORBERT: ...Kilimo, hamna. Misitu... hamna. Botania— hii hapa! Loo! Wameiita "Kazi ya mwisho, skani mpya." Hakuna jina la mtu, hakuna Mbinga, hakuna uyoga. Nani angeipata hii?

WINIFRIDA: Soma!

NORBERT: Inafunguka polepole. Huo waliokula ukoje?

WINIFRIDA: Bibi yao ameniletea mmoja. Mweupe, una pete shingoni, na chini umekaa kama ndani ya kikombe.

NORBERT: Pete... kikombe... Ndio huu kwenye picha! Ameandika Kiingereza, nakutafsiria. "Akina mama wa Litumbandyosi wanasema mgonjwa hutulia, ndugu wakadhani amepona. Ndipo ini linapoanza kuharibika—"

WINIFRIDA: Basi! Joakim! Joakim, zima pikipiki! Mshushe mtoto! [vishindo, sauti za watu]

NORBERT: Wini? Wini, haloo?

WINIFRIDA: —hanisikilizi! Anasema nilimwambia hivyo hivyo kwa yule mdogo, nikamng'ang'aniza hapa, na bado akatutoka... Kaka, naweka spika. Msomee wewe.

NORBERT: Ndugu yangu Joakim, pole sana. Naitwa Norbert, niko chuoni. Haya si maneno yangu wala ya Winifrida. Ni mama zenu wa hapo kijijini walioyasema, yakaandikwa. "Kutulia si kupona. Mgonjwa asirudishwe nyumbani." Nakuomba, baba. Mpeleke hospitali kubwa.

WINIFRIDA: Amezima pikipiki, amekaa chini.

NORBERT: Anasemaje?

WINIFRIDA: Amempa bibi mtoto, na bibi anaelekea kwenye gari. Padri ametupa la parokia, tunakwenda Songea moja kwa moja.

NORBERT: Mungu awatangulie.

WINIFRIDA: Kaka. Kwa waliochelewa kama sisi, Kilian ameandika nini?

NORBERT: Ukurasa huo... haujafunguka.

WINIFRIDA: Umefunguka. Nimekusikia ulivyoguna.

NORBERT: Panda gari, Wini. Ukamshikie dripu.

WINIFRIDA: Haya. Nakwenda. Lakini hiyo kazi ipe jina lake, kaka. Weka uyoga, weka Mbinga, weka na majina ya uyoga kwa Kimatengo chetu, asije mwingine akahanga— [mlio wa salio kuisha]

NORBERT: Naandika. Wini? Naandika sasa hivi. Haloo?