Kafi la Mama Pélagie Mbelu

Mheshimiwa Gavana wa Jimbo, Mheshimiwa Gédéon Ngandu, waziri wetu mpya wa uchukuzi, wachungaji na mashehe, wakubwa wa reli, mabwana na mabibi: mimi Fadhili, rais wa wapiga makafi wa Alunguli, nawasalimu wote, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ya pili.

Leo Mama Pélagie Mbelu anaacha wizara. Wengine wamesifu kazi yake katika barabara za Pangi na Lubutu. Mimi nitasema habari za mto.

Wakati wa vita alikuwa muuguzi kwetu Alunguli. Askari walikataza mitumbwi isivuke, na jirani yetu Zawadi alikuwa katika uchungu wa kuzaa, mtoto amelala vibaya tumboni. Hospitali iko ng'ambo. Nani angethubutu? Mama Pélagie alimkabili kamanda bandarini: "Komanda, huyu mama iko anakufa. Kama kuvuka njo kosa, kosa ni yangu. Unifunge nikirudi." Kamanda akasogea kando, mwenzetu Aboubakar akapiga kafi. Mama alirudi kweli, na kweli akafungwa. Malaika, aliyezaliwa siku ile, ndiye aliyewapangia viti mnavyokalia.

Miaka ikapita, akawa waziri, akatangaza kwa karatasi ya wizara kwamba kivuko cha injini kitavusha watu wote na mitumbwi ikome. Je, tulinyamaza? Alipokuja kuvuka, tulificha makafi. Aboubakar yuleyule akamwambia, "Mama Ministre, si uvuke na karatasi yako!"

Angeweza kuita polisi. Alicheka, akaomba kafi, akapiga mwenyewe. Mtumbwi ukazunguka, ukazunguka, ukamrudisha kwetu. "Basi, mumenishinda. Tukae, tuongee." Tangu hapo kivuko kinabeba magari na mizigo, watu tunavusha sisi. Ni wakubwa wangapi mmewaona wakirudi nyuma mbele ya umati, na ukubwa wao ukaongezeka?

Mheshimiwa Ngandu, tunasikia bandari yetu ndogo ya mitumbwi itafungwa. Watoto wetu wanakula hapo. Kafi hili tulilichonga liwe zawadi ya Mama. Tulipomwonyesha asubuhi, alisema, "Mimi nilishajifunza. Mumupe ule anaingia mu wizara."

Mama Pélagie, Alunguli inajivunia wewe. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea masikio.

Mheshimiwa, lishike. Mtumbwi uko tayari, na Mzee Aboubakar amekwisha kukaa mbele.