Neno Lililokatwa Katikati: Maisha ya Mwalimu Pascaline Lubunga

Ndugu zetu wa Kabambare, wa Lusangi, wa Nyangwe na wa Kasongo, wakristo na waislamu, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani na wa leo, kabla hatujamshusha dada yetu kaburini, familia imemtuma mdogo wake Gaston awasomee njia aliyopita, na baada ya mabishano marefu tumekubaliana kwamba isomwe yote, hata zile sehemu ambazo matangani watu huziruka, kwa sababu yeye mwenyewe aliomba hivyo, akiwa bado na akili zake timamu.

Pascaline Lubunga alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa baba Zéphirin Lubunga, mvuvi na katekista, na mama Emmanuella Bitondo, mkulima, na wale waliomjua utotoni wanasema alianza kubishana kabla meno hayajakamilika. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba siku moja baba alirudi kutoka mtoni akasema, «Mtumbwi umeingia maji,» naye Pascaline akamkatalia, «Hapana baba, maji ndiyo yameingia mtumbwi,» na baba, badala ya kumkemea, alikaa chini akacheka, akamwambia kwamba maneno yote mawili ni sawa, lugha yetu ina ruhusa ya kumtanguliza anayeingiwa na kumweka nyuma anayeingia, na tangu siku hiyo mtoto yule alipenda kila kitu kinachoweza kugeuzwa.

Alianza shule ya msingi palepale Nyangwe, Septemba 1974, na kwenye benchi lake alikaa na Arlette, binti wa jirani, waliozoeana tangu kunyonya, na hao wawili walisema kinyume mchana kutwa, wakirudisha silabi za nyuma mbele, samaki akawa kimasa, nyumba ikawa mbanyu, mwalimu akawa mulimwa, mpaka mwalimu huyo alipogundua akawapa adhabu ya kufagia uwanja. Waligundua wenyewe kwamba neno dada ukiligeuza linabaki dada, wakaamua kuitana hivyo, na wakaitana hivyo mpaka walipokuwa wanawake wenye watoto, hata wageni wakadhani wametoka tumbo moja.

Masomo ya sekondari aliyafanya Kasongo, kwa masista, kuanzia mwaka 1980, akapata diploma ya serikali Julai 1986, kisha baba akauza mtumbwi wake mkubwa ili binti aende Bukavu kusomea hisabati na fizikia, akarudi mwaka 1992 na cheti chake, mwembamba, mwenye miwani, akisema haraka kuliko zamani. Septemba ya mwaka huohuo aliajiriwa kwenye shule moja ya sekondari ya Kasongo, ambako Arlette alikuwa tayari anafundisha historia, na wale waliopita mikononi mwake wanakumbuka alivyofundisha kinyume cha hesabu, kwamba kinyume cha mbili ni nusu, cha tano ni moja ya tano, kwamba kila namba ina mwenzake ambaye wakizidishana wanarudi kuwa moja, isipokuwa sifuri, ambayo haina mwenzake popote.

Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na muuguzi Serge Kisubi, ambaye mnamwona hapa mbele, na kwenye sherehe Serge alisimama akasema, «Mimi ni nusu, huyu ni mbili,» watu wakacheka, ila wanafunzi ndio waliopiga makofi kwanza, maana ndio walioelewa. Mungu aliwapa watoto watatu, Aurélie aliyezaliwa Mei 1996, Fabrice aliyezaliwa Februari 1999 msituni, siku zile tulipokimbia vita, na Salomon aliyezaliwa Oktoba 2004, na aliyemshika Aurélie kwenye ubatizo, aliyeahidi mbele ya padri kuwa mama yake wa pili, alikuwa Arlette.

Kwenye parokia Pascaline aliongoza kwaya miaka mingi, na hapo pia alileta mambo yake, akichukua sauti ya chini kabisa ya wanaume na kuipandisha juu ya zote, ili mpangilio wa sauti ugeuke bila wimbo kuharibika, na wazee wakauliza mbona wimbo ni uleule lakini unasikika kama mtu aliyehama upande wa kitanda, naye akawajibu kwamba sauti hazikuongezeka wala kupungua, zimebadilishana nafasi tu.

Tarehe 12 Mei 2009, siku ya Jumanne, alifundisha somo la mwanga kwa wanafunzi wa mwaka wa nne. Alifunga madirisha ya darasa kwa mablanketi, akaacha tundu dogo kwenye ubao wa dirisha moja, na kwenye ukuta wa pili wanafunzi wakauona uwanja wote wa shule ukiwa kichwa chini, bendera ikining'inia, wapita njia wakitembea miguu juu, mbuzi wakila majani ya mbinguni, darasa zima likapiga kelele za furaha, na mwalimu akawaeleza kwamba mwanga unakwenda moja kwa moja, unaotoka juu unatua chini, unaotoka chini unatua juu, na kwamba ndani ya jicho la kila mtu dunia inaingia hivyohivyo, imepinduka, halafu akili ndiyo inayoisimamisha. Arlette alikuwa mle ndani, yeye ndiye aliyeshika blanketi la dirisha kubwa lisianguke, na alisikia maelezo yote, toka mwanzo mpaka mwisho.

Mmoja wa wanafunzi wale aliitwa Junior, mtoto wa mfanyabiashara mwenye nguvu mjini, na Jumapili iliyofuata, tarehe 17 Mei, Junior alikwenda mtoni na wenzake, mtumbwi ukapinduka, wenzake wakaogelea, yeye akafa maji. Dada yetu alimlilia mtoto yule, alikaa matangani kwao, alipika na akina mama, na palepale matangani ndipo maneno yalipoanza, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kwamba mwalimu alimpindua mtoto ndani ya nyumba ya giza, na mto ulimaliza tu kazi iliyoanzishwa, kwa maana nani asiyejua kwamba wachawi ndio wanaotembea kichwa chini.

Tarehe 6 Juni 2009, Jumamosi, kamati ya shule, wazazi na wazee walikutana kwenye ukumbi wa shule. Serge alikuwepo, Gaston anayewasomea alikuwepo, na Pascaline alivaa kitenge chake cha kwaya, akiwa ametulia, kwa sababu asubuhi ile alimwambia mume wake asihangaike, Arlette alikuwa mle ndani, Arlette ataeleza. Wanafunzi hawakuruhusiwa kusema, waliambiwa ni watoto, kwa hiyo mtu mzima pekee aliyeyaona yale alikuwa mmoja, na mwenyekiti akamwita.

«Wewe ulikuwa mule ndani. Uliona nini?»

Arlette akasimama akasema, «Niliona watu wanatembea kichwa chini kwenye ukuta.»

«Junior alikuwamo?»

«Alikuwamo.»

«Na mwalimu alikuwa anafanya nini?»

«Alikuwa anacheka.»

Ukumbi ukavuma, na Pascaline akangoja, tulimwona anangoja, ameinua uso kama anayesubiri mtu avute pumzi aendelee, aseme habari ya tundu, aseme habari ya mwanga, aseme kwamba watu wale kwenye ukuta walikuwa wapita njia waliofika nyumbani salama na baadhi yao wameketi humohumo ukumbini, lakini Arlette alikaa chini.

«Malizia, dada,» Pascaline akamwambia.

«Nimemaliza,» akajibu Arlette, akitazama viatu vyake.

Hakusema uwongo hata mmoja, na hilo ndilo lililotushinda, maana kila neno lilikuwa la kweli, ila kweli yenyewe ilikuwa imesimamishwa kwa kichwa. Jioni ile mawe yalianza kuanguka juu ya bati, Jumatatu barua ya kumfukuza kazi ikafika, na tarehe 9 Juni dada yetu, mume wake na watoto walipakiwa kwenye pikipiki, na mizigo michache, wakashika njia ya Kabambare, na Aurélie, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aligeuka nyuma akitafuta kama mama yake wa ubatizo atatokea barabarani. Hakutokea. Septemba ya mwaka uleule Arlette alifanywa prefe, yaani mkuu, wa shule ile, na sisi hatusemi kwamba ndiyo sababu, tunasoma tarehe kama zilivyofuatana.

Hapa Kabambare walipokelewa na mzee Ismaël Ramazani, aliyewapa nyumba nyuma ya duka lake, na maneno ya Kasongo yalipofika, maana pikipiki inabeba kila kitu, mzee Ismaël hakumfukuza mpangaji wala hakumtetea kwa upofu, alimwambia, «Mwalimu, mimi nataka kuona,» akaingia kwenye chumba cha giza, akaona kwenye ukuta pikipiki yake mwenyewe magurudumu juu, na mke wake akianika mihogo akiwa amening'inia kama popo, akatoka nje akicheka mpaka machozi, akawaambia waliokusanyika mlangoni, «Ni jua tu linaingia kwa mulango mudogo. Ingieni, mutaona hata nyinyi iko vilevile.» Wakaingia kwa zamu, wazee, akina mama, hata imamu, na tangu hapo dada yetu alifundisha watoto wa Kabambare bila mtu kumnyooshea kidole, tangu Septemba 2009 mpaka Juni 2024, na mafundi wa redio, wauguzi na walimu walio mbele yetu leo ni matunda ya kazi hiyo.

Hata hivyo jeraha halikupona. Tarehe 3 Aprili 2016 mama yetu Emmanuella alifariki Nyangwe, na watu wa familia ya Junior wakatuma ujumbe kwamba mwalimu akikanyaga huko hawatajizuia, na Pascaline, ambaye jina la mwisho lililotoka kinywani mwa mama lilikuwa lake, alimlilia mama yake huku Kabambare, ameketi chini, ameelekea upande wa mto. Hakuwahi kuliona kaburi lile.

Januari 2024 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakaona ni figo, na Serge alimuuguza kwa ufundi wa kazi yake na kwa upendo wa ndoa yake, akimpa dawa kwa saa, akimpikia bila chumvi, huku yeye akilalamika kwamba sombe isiyo na chumvi ni adhabu ya serikali. Mwezi wa Julai, bila kutangulia kutuma neno, Arlette alifika kwa pikipiki, matope mpaka kiunoni, nywele zimekuwa nyeupe, akasimama mlangoni. Aurélie alitaka kumzuia, lakini mama yake alisema aingie, akaagiza apewe maji ya kuoga, na bukari, na samaki, na baada ya kula ndipo walipozungumza, Aurélie akiwa ameketi palepale.

«Dada, niliogopa,» Arlette akasema. «Walikuja kwangu kabla ya mkutano. Waliniambia, ukimtetea, mutafukuzwa wawili.»

«Ningeelewa kama ungeniambia.»

«Sikusema uwongo, Pascaline.»

«Ndiyo inaniuma. Kama ungesema uwongo, ningeujibu. Uliwapa kweli nusu, na mimi nikakosa pa kuishika.»

Arlette alilia, akapiga magoti, na dada yetu hakusema nimekusamehe, alisema kuna jambo moja tu analolitaka, kwamba arudi kwenye ukumbi ule, mbele ya wazazi, siku ya kufungua shule, amalizie alichokianza, aseme habari ya tundu na ya mwanga, basi, hata jina la Pascaline asilitaje kama ni zito. Arlette akaapa kwa Mungu na kwa marehemu wazazi wao wote, na asubuhi yake Pascaline alimsindikiza kwa macho tu, kwa sababu miguu haikuweza tena, lakini siku ile alikula vizuri.

Shule zilifunguliwa tarehe 2 Septemba. Kila aliyetoka Kasongo, mwenye kuleta mafuta, mwenye kuleta sabuni, dada yetu alimwita karibu na kitanda akauliza, «Amesema?» na wao hawakujua anauliza nini. Mwishoni mwa Oktoba Gaston alikwenda mwenyewe Kasongo kuuliza, akaambiwa prefe alitoa hotuba ndefu na nzuri, juu ya usafi na nidhamu. Aliporudi, Pascaline alimtazama usoni, akasema, «Usiniambie,» akageukia ukuta.

Alifariki Jumatano tarehe 20 Novemba 2024, saa nne asubuhi, hospitalini hapa Kabambare, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Serge, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, akiacha mume, watoto watatu, na mjukuu mmoja, Régina, aliyeanza kutembea juzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana na ugonjwa huu kwa vifaa vichache na moyo mkubwa, inawashukuru walimu wenzake waliogawana vipindi vyake asipoweza kusimama, wanafunzi waliochota maji, akina mama wa kartie, majirani zetu, waliolala chini pamoja nasi, na mzee Ismaël na nyumba yake yote, ambao kwao dada yetu hakuwa mpangaji tena.

Wapo pia wajumbe waliotoka Kasongo, wakiongozwa na prefe wa shule, wameleta shada la maua, tunawashukuru kwa safari, njia ni mbaya. Prefe ameiomba familia nafasi ya kusema neno mbele ya jeneza, amesema yuko tayari sasa. Tumekaa, tumelifikiria, na Serge na watoto wamejibu kwa sauti moja, kwamba hapa Kabambare hakuna mtu anayehitaji kuambiwa, kila mmoja aliingia chumbani akaona kwa macho yake, na wanaolingoja neno hilo wako Kasongo, ukumbi bado upo, na njia aliyojia ndiyo ya kurudia. Achukue udongo kama wengine, kwa mkono wake, autupe, inatosha.

Dada Pascaline, umeongoza, umefundisha, umengoja. Usingoje tena. Lala kwa utulivu, mikononi mwa Mungu.