Pafu la Mheshimiwa

Asubuhi hiyo benchi la Doña Saturnina muuza uji, mtaa wa Calvario pale Oruro, mji wetu wa migodi milimani, lilikuwa na ndoo chini yake, na ndani ya ndoo mapafu ya Mheshimiwa, nyumbu wetu aliyekokota mabehewa mgodini mpaka jana alipoanguka. Tulimsubiri daktari wa chuo kikuu aje kuyachukua akayapime kama yana vumbi la mgodini. Don Gumersindo, tunayemwita Keekee maana ameizeekea mashine ya kutoboa mwamba, hakubandua macho kwenye ndoo. Kampuni inasema kikohozi chake ni cha sigara. Yeye anasema ni vumbi, na wala hajililii: wanawe wawili wako chini wanatoboa kavukavu, na kampuni haitaweka maji ya kuzima vumbi kwenye mashine mpaka ithibitishiwe kwamba ndilo linaloua. Mimi nilishika kikombe changu cha api, ule uji mwekundu wa mahindi, nikiomba wenzangu leo wasilete upuuzi. Thubutu!

— Kampuni ilishawavutisha panya vumbi letu, akaanza Redio, ambaye hakuna habari inayompita. Wakapona wote.

— Panya! akafoka Keekee. Kwani mimi nina mkia?

— Kwa hiyo nyumbu ndiye ndugu yako?

— Daktari alisema pafu la panya limejengwa kivingine. La farasi ndilo limegawanyika vijumba vijumba, na utando wake mnene, karibu kama letu.

— Ala! Mheshimiwa si farasi, akadakia Askofu, bingwa wa kuchapia methali. Mama farasi, baba punda. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hilo ni pafu la punda!

— Basi Keekee ana pafu la punda, akacheka Redio.

— Mimi sijasema. Wamesema wahenga.

— Si bora lama, ngamia wetu mdogo wa milimani? nikachomekea. Kazaliwa huku huku juu, hewa nyembamba kaizoea.

— Lama anachimba wapi, compadre? akanicheka Redio. Na wewe nawe!

— Simbilisi ndiye mwisho wa maneno, akasema Askofu. Bibi yangu alimsugua mjomba kifuani na simbilisi mzima, kisha akampasua yule mnyama. Ugonjwa wote ukaonekana, pafu kwa pafu.

— Mjomba akapona? akauliza Redio.

— Alikufa. Lakini simbilisi alisema kweli!

— Nyie, ndoo hiyo inanifukuzia wateja, akalalamika Doña Saturnina.

Keekee alikuwa hacheki. Akakohoa mpaka akashika ukuta, nasi tukaona haya.

Ndipo daktari Wilma Poma akafika, akasalimia, akavaa glovu.

— Swali dogo tu, maana kampuni lazima wataniuliza. Huyu nyumbu aliwahi kuvuta sigara?

Alikuwa anatabasamu. Redio akachungulia kikombe kilichokwisha. Kila Ijumaa tukimwekea Tío, yule shetani wa udongo mwenye mgodi, sigara yake mdomoni, tulimwekea na Mheshimiwa ya kwake, naye apate bahati. Na aliipenda, maskini.

— Jamani? akauliza daktari.

Nilimwombea Keekee anyamaze. Hakunyamaza.

— Kila Ijumaa, daktari. Moja. Nilikuwa namwashia mimi.

Ushahidi wenyewe ndio huo, na tumeuharibu kwa mikono yetu! Daktari akatoa kisu, akainama, akakata kipande cha pafu. Kisu kikakwaruza, kama kinakata mkate ulioangukia mchangani. Tulisikia sote. Keekee akajishika kifua.

— Daktari, moshi una changarawe?

— Hauna.

— Basi andika sigara, andika na changarawe. Usifiche hata moja. Halafu twende sote ofisini kwao, ukakate mbele yao, wasikie kwa masikio yao.