Meno Namba Arobaini

Mbele yangu kwenye basi alikaa kinyozi, amempakata mbwa aliyefunikwa kitambaa cha kunyolea mpaka shingoni. Jirani yake, mama muuza dawa za mifugo, aliinua pindo la kitambaa akaguna.

"Mwanangu, huyu umemnyoa au umemchuna?"

Kinyozi alisema ni mbwa wa mama mkwe, aliachiwa wiki moja tu, na mashine alinunua ya wanyama yenyewe. "Nikaweka meno ya kukatia namba arobaini ili manyoya yabaki mengi."

"Arobaini ni ya daktari anayetaka kupasua. Kwa wanyama namba ikipanda, manyoya yanakwisha."

"Mama, nimenyoa watu miaka kumi na saba. Namba kubwa, nywele nyingi."

"Hao ni watu."

"Basi waliotengeneza mashine ndio waliokosea."

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga; kuhusu mbwa wa mkwe walinyamaza.

"Kwani ulipoanza hukuiona ngozi?"

"Niliiona. Nilikuwa nimeweka meno ya thelathini. Ndiyo maana nikapandisha arobaini."

Mama akashusha pindo polepole, kama anayefunika maiti. Basi likasimama. Kituoni bibi mmoja alikuwa akimwita mbwa wake kwa sauti ya kubembeleza, mkononi ameshika kitana kipya cha kuchania manyoya.