Kikombe cha Kumpa Mkweo

“Hakuna anayekunywa kahawa kwa kitako cha kikombe.” Ndivyo alivyosema Bwana Tsoanelo Lehata, mkuu wetu wa mauzo, kwenye kikao cha mwezi uliopita, akitetea kalibu za plasta, za kumiminiwa udongo, zitakazotoa vikombe vingi kwa siku moja, bila kile kitako chenye mfereji ambacho kalibu haziwezi kukitoa. Watu walicheka. Mimi sikucheka, na leo, katika kijitabu hiki cha ratiba ya sherehe, ambamo hawezi kuninyang'anya kipaza sauti, namjibu.

Mama Makatiso Phafoli anastaafu tarehe 31 Julai baada ya miaka thelathini na minne katika Karakana ya Letsopa, hapa Mafeteng. Alianza kwa kukanda udongo na kuuchambua mawe, akapanda kwenye gurudumu, kisha akawa msimamizi wa vikombe vyote. Baridi ikikaza huvifunika vikombe vibichi kwa blanketi lake mwenyewe, ili kikombe na mkono wake wa kushikia vikauke pamoja, visiachane. Yeye hubaki akitetemeka. Ukimhurumia hukujibu, “Mimi nikikauka sipasuki.”

Mwanzoni alifinyanga kama sote tulivyofundishwa: kikombe chembamba chenye mkono mmoja, basi. Akajivunia, akavipeleka nyumbani siku wakwe walipokuja kumwona mtoto. Akamimina kahawa ya moto, akamkabidhi mama mkwe kwa mkono mmoja, maana hapakuwa na pa kuweka mkono wa pili. Mama mkwe, ambaye kwake heshima ni kupewa kwa mikono miwili, akaficha mikono ndani ya blanketi.

“Mkaza mwana, unamtupia nani? Mbwa?”

“Mama, kinaunguza.”

“Na nani kakifinyanga? Jirani?”

Kahawa ikapoa pale mezani, na wakwe wakaaga mapema.

Kesho yake Mama Makatiso alivunja ubao mzima wa vikombe vibichi na kuurudisha udongo kwenye pipa. Alihangaika majira yote ya baridi. Vingine vilipasuka tanuruni kwa unene, vingine vikaegemea upande kama walevi. Mwishowe akapata kitako kipana, kilichozungushiwa mfereji wa vidole, kisichopakwa dawa ya kung'arisha. Mtoaji anakishika hapo kwa mikono miwili bila kuungua, na mkono wa kikombe unamwelekea mgeni. Mama mkwe alipopewa cha kwanza alikunywa mpaka mashapo, akasema, “Sasa umenisalimia.”

Bwana Lehata yuko sahihi katika jambo moja: kalibu zina kasi, na maduka ya Maseru yanasubiri. Wala Mama Makatiso hana ugomvi na mashine. Ndiye aliyelidai gurudumu la umeme wakati sisi wanaume tulipodai litamng'oa vidole. Lakini kasi ya kutengeneza chombo usichoweza kumpa mkweo inatupeleka wapi? Vikombe visivyomjua mtu vimejaa madukani tayari. Tukivitengeneza na sisi, mnunuzi atatutafuta kwa lipi?

Tena kitako hiki hakikuandikwa popote. Kiko kwenye vidole gumba vya mwanamke mmoja, na hakuna aliyewahi kupangiwa kukaa naye, ingawa mwenyewe Mama Makatiso aliomba mara nyingi. Akifunga mlango bila mrithi, tutakuwa tumekistaafisha kikombe pamoja naye. Amekubali kurudi siku mbili kwa wiki kufundisha. Kamati ya karakana haijamjibu.

Mama Makatiso, ahsante kwa kazi, kwa masimango uliyotusahihisha nayo, na kwa baridi uliyoibeba kwa niaba ya vikombe vyetu. Mungu akupe afya, jiko lenye moto, na wajukuu wanaojua kupokea.

Nanyi wajumbe wa kamati mlioketi mstari wa mbele: hatuwaombi hotuba. Kabla sherehe hii haijaisha, simameni mtaje majina ya wafinyanzi wawili watakaokaa ubavuni mwake kuanzia Jumatatu.