Akibweka Wangu

Basi lilikuwa nusu tupu asubuhi ile, na masikio ya Bibi hayakuwa na kazi. Kwenye kiti cha mbele yake alikaa mshonaji nguo, amepakata kapu lenye mbwa mdogo aliyeng'atwa shingoni. Alikuwa amemfunga kitambaa cha bitana, lakini damu ilishapenya. Kando yake alikaa jirani yake, makanika.

"Kaka, nakuomba kadi ya chanjo tu," alisema mshonaji. "Huyu wangu chanjo yake ilishapitwa na muda, hilo kosa langu. Daktari kasema asipojua kama huyo wako aliyemng'ata ana kichaa au hana, atamchoma huyu sindano ya kumuua leo hii."

"Nani kakwambia ni wangu? Anakuja gereji kula makombo tu, dada."

"Na mnyororo je? Na kile kibao cha 'Mbwa Mkali'?"

"Kibao hakina jina la mtu."

Bibi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akainama mbele. "Kitendawili!"

"Tega," mshonaji akaitika.

"Akibweka wangu, aking'ata si wangu."

Kondakta akacheka peke yake. Makanika akageuka kwa hasira. "Bibi, nikiitoa hiyo kadi, kesho watanibebesha na gharama za yule muuza maziwa aliyeng'atwa juzi!"

"Kumbe ipo," mshonaji akasema polepole.

Kondakta akagonga bati, basi likasimama mbele ya kliniki ya daktari wa mifugo. Mshonaji akanyanyuka na kapu lake, akasimama akimngoja makanika washuke wote. Makanika akakunja miguu ili ampishe.