Mafuta Kwanza na Cherehani ya Mama

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mafuta Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948, mtoto wa tatu kati ya sita wa seremala na mkewe mkulima. Bibi alisimulia kwamba alianza kutembea akiwa na miezi kumi, na kabla ya kutimiza mwaka alikuwa amekwisha kung'oa bawaba za kabati la vyombo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1962. Ripoti yake ya mwisho tunayo mpaka leo. Mwalimu wa hesabu aliandika: "Mikono yake huja shuleni kila siku. Mwenyewe bado tunamsubiri."

Mwaka 1964 alikwenda kujifunza kazi kwa mjomba wake, aliyetengeneza cherehani za karakana ya sare za shule. Mjomba alimpa kanuni moja: kabla hujashika bisibisi, tia mafuta, kisha sikiliza. Mwaka 1971 akaweka meza yake kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na hapo alikaa miaka hamsini na moja. Mteja akianza tu kueleza, Baba alikuwa ameshainua kopo lake lenye mdomo mrefu. "Mafuta kwanza, maneno baadaye." Wengi waliondoka na mashine zao saa ileile, tena wakicheka.

Mwaka 1975 binti mmoja mshonaji alimletea cherehani yake mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya tatu Baba hakugusa kopo. Aliinama, akaitazama skrubu iliyo chini ya bamba la sindano, akasema, "Dada, skrubu hailegei yenyewe mara tatu. Na hii ina alama ya kisu cha jikoni."

Binti akamjibu, "Sasa kama umeshajua, mbona bado umekaa?"

Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza. Alama ile ya kisu tumeonyeshwa sote, na wakwe zetu wote.

Mama alipotimiza miaka sitini, sisi watoto tulichanga tukamnunulia cherehani ya kisasa, yenye kioo kinachowaka na vitufe vingi kuliko lifti. Mwaka 2018 ikazimika katikati ya gauni la bibi harusi. Dukani wakasema bodi ya umeme ya ndani imeharibika, inabadilishwa nzima, na bei yake ni robo tatu ya mashine mpya. Baba alivua miwani. "Kwa bei hiyo si bora nitengenezwe mimi?" Akaibeba mpaka nyumbani, akakisukuma kando kitabu cha maelekezo, akafanya alichokuwa amefanya maisha yake yote.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu kile uliandikwa kwa herufi nyekundu: mashine hii haitiwi mafuta. Mafuta yalishuka hadi kwenye bodi. Iliyokuwa inaumwa tu, sasa ikafa kabisa.

Siku tatu alimwambia Mama kwamba mashine inapumzika. Siku ya nne, tukiwa mezani, akaweka kijiko chini. "Mke wangu, nimeiua mimi."

"Najua," Mama akasema. "Kitambaa changu cha meza kimelowa mafuta. Kula, halafu uifufue."

Kuuliza si ujinga. Akiwa na miaka sabini, Baba alikwenda kwa fundi wa simu wa jirani, mwanamke mwenye umri wa kuwa mjukuu wake, akamwomba amfundishe. Fundi alikubali kwa sharti moja: kopo libaki nje. Wakagundua kwamba mara nyingi kinachoharibika kwenye bodi ni kidude kimoja, kidogo kama punje ya mchele, ambacho mtu anaweza kukibadilisha bila kununua bodi nzima. Bodi ya Mama ilikuwa imezama kwenye mafuta, hivyo walihangaika miezi mitano mpaka wakapata nyingine kwenye mashine iliyotupwa. Siku ilipowaka Baba alipiga makofi peke yake. Tangu hapo washonaji walioambiwa wabadilishe bodi nzima walikuja kwa hao wawili, na kila mmoja, kabla mashine yake haijaguswa, alisimuliwa kwanza jinsi Baba alivyoiua ya mkewe.

Novemba 2022 figo zake zilianza kushindwa. Kufikia Machi alikuwa amegeukia ukuta. Hataki redio, hataki wageni. Tuliogopa kwamba angetuacha kabla hata ya kufa. Jumapili moja ya Aprili Mama akaita kutoka sebuleni, "Mashine imegoma!"

"Ita fundi," Baba akajibu.

"Fundi mwenyewe amenuniana na ukuta."

Aliinuka akidai miwani na bisibisi. Baada ya robo saa tulisikia kicheko, mpaka akakohoa. "Mwanamke! Miaka arobaini na saba, na bado hujajifunza kutumia bisibisi?" Ilikuwa ile cherehani ya zamani, na skrubu ileile ya chini ya bamba, yenye alama ya kisu cha jikoni. Tangu siku ile aliamka kila asubuhi kwenda kuona Mama ameharibu nini.

Alifariki Jumamosi, tarehe 6 Mei 2023, saa nne asubuhi, kitini, kando ya Mama aliyekuwa akishona. Shati lililokuwa mashineni ndilo alilovaa leo.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, dada yake mdogo, na fundi wa simu, ambaye Baba hadi mwisho alimwita "mwalimu wangu".

Jana nilipokwenda kuifunika cherehani, nilikuta skrubu ileile imelegea. Nikamtazama Mama. "Nilijaribu tu," akasema.

Tumeikaza, Baba. Hakuna kilichoharibika. Pumzika kwa amani.